Barua ni Nusu ya Kuonana



Wazee wetu walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Waliposema hivyo walikuwa wakiwafikiria ndugu waliotenganishwa na safari: mtoto aliye masomoni, mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali na nyumbani. Leo tunapenda kuutazama usemi huo katika mazingira ambayo huenda wazee hawakuyawaza, yaani barua zinazoandikwa na watu wanaotafutana ili wauane. Tumechagua mfano mmoja wa historia, nao ni vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775 na kumalizwa kwa mkataba wa amani wa mwaka 1783. Katika miaka hiyo minane majemadari wa Mfalme wa Uingereza na majemadari wa makoloni 13 yaliyoasi walipigana vikali. Wakati huo huo waliandikiana. Barua zao nyingi zimehifadhiwa, na hata leo mtu anaweza kuzisoma.

Kwa nini tuzisome sisi, watu wa bara jingine na wa karne nyingine? Kwa sababu zinatuonyesha jambo tunalolisahau mara kwa mara tunapozungumzia amani. Tumezoea kudhani kwamba amani huanza siku ile wakubwa wanapotia sahihi mkataba. Barua hizi zinatufundisha kwamba huanza mapema zaidi, pale mtu anapokubali kuliandika jina la adui yake na kungoja jibu lake. Aidha, zinatuonyesha mpaka wa amani ya namna hiyo, kwa maana wako watu ambao hawakuandikiwa na mtu yeyote. Tutayatazama mambo hayo kwa hatua nne, kisha tutajiuliza yanatuhusu vipi.

1. Anwani ya barua

Tarehe 17 Juni 1775 yalitokea mapigano ya Bunker Hill, karibu na mji wa Boston. Waingereza walishinda kwa hasara kubwa, wakateka baadhi ya waasi, wakiwemo maofisa waliojeruhiwa. Mateka hao walitiwa katika gereza la mji pamoja na wahalifu wa kawaida. Habari hizo zilimfikia Jenerali George Washington, ambaye alikuwa ameshika uongozi wa jeshi la makoloni tarehe 3 Julai. Tarehe 11 Agosti akamwandikia Jenerali Thomas Gage, mkuu wa majeshi ya Uingereza mjini Boston.

Yafaa tujue kwamba watu hao wawili hawakuwa wageni. Miaka 20 kabla, mwezi Julai 1755, walikuwa pamoja katika jeshi moja la Mfalme chini ya Jenerali Braddock, wakashindwa vibaya na Wafaransa na wenyeji waliowasaidia karibu na mto Monongahela, wote wawili wakanusurika. Sasa kila mmoja alikuwa upande wake wa mstari.

Washington alilalamika kwamba maofisa waliotekwa wametupwa gerezani bila kujali vyeo vyao, hata wale waliokuwa wagonjwa na wale waliokatwa viungo. Akaeleza kwamba yeye naye atawatendea mateka wa Kiingereza kwa kipimo kile kile. Gage alijibu baada ya siku mbili. Alisema kwamba kwa sheria ya nchi watu hao walistahili kamba, lakini wametunzwa kwa huruma. Na kama hawakutenganishwa kwa vyeo, sababu ni kwamba yeye hatambui cheo chochote kisichotoka kwa Mfalme. Washington akamjibu tena kwamba hakuna chimbuko la cheo lenye heshima zaidi kuliko uchaguzi wa watu jasiri na huru, na kwamba huenda hayo yakawa mawasiliano yao ya mwisho.

Ukiyasoma maneno hayo makali unaweza kudhani kwamba mateka wa Kiingereza waliteswa siku iliyofuata. Haikuwa hivyo. Kwanza Washington aliamuru maofisa waliokuwa mikononi mwake wapelekwe katika gereza la mji wa Northampton. Kisha, wakiwa njiani, akaitengua amri hiyo, akaagiza waachwe watembee kwa ahadi yao ya kutotoroka na watendewe kwa upole kadiri usalama ulivyoruhusu. Kwa maneno alitisha; kwa matendo alisita. Tunaomba tuukumbuke mwenendo huo, maana tutakutana nao tena.

Mwaka uliofuata likazuka suala la anwani. Mwezi Julai 1776, siku chache tu baada ya makoloni kutangaza uhuru, Admirali Lord Howe aliwasili karibu na New York akiwa na meli nyingi za vita na pia mamlaka ya kuzungumzia amani. Tarehe 14 Julai alimtuma Luteni Philip Brown kwa mashua, chini ya bendera nyeupe, akiwa na barua iliyoandikwa juu yake jina la Bwana George Washington, bila cheo. Kanali Joseph Reed alikutana naye majini, akaitazama anwani, akasema kwamba katika jeshi lao hakuna mtu wa jina hilo mwenye anwani ya namna hiyo. Barua ikarudi ilikotoka.

Tarehe 20 Julai akaja Kanali James Paterson, akakutana na Washington mwenyewe mjini New York. Safari hii anwani ilikuwa imeongezewa: Bwana George Washington, na kadhalika, na kadhalika. Paterson akaeleza kwa adabu kwamba maneno hayo ya mwisho yanabeba kila kitu kinachotakiwa. Washington akakubali kwamba yanaweza kubeba kila kitu, lakini akasema kwamba yanaweza pia kubeba chochote kile. Hakuipokea barua.

Je, hayo yalikuwa majivuno? Kwa sehemu huenda yalikuwa. Hata hivyo tusiharakishe kucheka. Ikiwa Washington ni Bwana tu, basi watu wake ni wahalifu, na mhalifu mwasi hukumu yake ni kitanzi. Ikiwa ni Jenerali, watu wake wakikamatwa ni mateka wa vita, na mateka hulindwa, hulishwa na hubadilishwa. Nyuma ya anwani kulikuwa na shingo za watu. Baadaye, haja ya kubadilishana mateka ilipozidi, makamanda wa Kiingereza walianza kumwandikia kwa cheo chake. Serikali yao ilikuwa bado haijautambua uhuru wa Marekani, lakini kalamu zao zilikuwa zimekwisha kuanza kuutambua.

2. Kazi ya bendera nyeupe

Barua za namna hii zilikuwa na utaratibu wake. Ofisa alikwenda na bendera nyeupe, mara nyingi akiwa na mpiga ngoma au mpiga tarumbeta ili asikike kabla ya kuonekana. Alisimamishwa kwenye kituo cha kwanza cha adui, akakabidhi barua, akarudi au akangoja jibu. Mtu huyo hakupigwa risasi. Kwa muda wa saa moja, katikati ya vita, palikuwa na njia moja ambayo damu haikumwagika juu yake.

Mambo mengi yalipita katika njia hiyo: majina ya waliotekwa, fedha na nguo kwa ajili ya wafungwa, maombi ya kubadilishana ofisa kwa ofisa wa cheo sawa na askari kwa askari. Hata mambo madogo yalipita. Mwezi Oktoba 1777, siku mbili baada ya mapigano ya Germantown, ambamo Washington alishindwa, kijibarua kiliandikwa kwa Jenerali William Howe. Mbwa mmoja alikuwa ameangukia mikononi mwa Wamarekani, na kwa maandishi yaliyokuwa kwenye ukanda wa shingo yake ilionekana ni mali ya Howe. Washington alikuwa na furaha kumrudisha mbwa huyo kwa mwenyewe. Katika uwanja ule maiti zilikuwa hazijakauka.

Hatudai kwamba bendera nyeupe iliponya kila jeraha, la hasha. Tangu mwezi Januari 1777 Washington alikuwa akimwandikia Howe kulalamikia hali ya mateka walioshikiliwa New York, waliorudi wakiwa wamedhoofika kwa njaa. Malalamiko hayakutosha. Katika ghuba ya Wallabout, upande wa Brooklyn, Waingereza waliweka meli kuukuu za kufungia mateka, na iliyojulikana kuliko zote iliitwa Jersey. Ndani yake watu walisongamana gizani, wakafa kwa homa, kuhara na njaa. Waliokufa katika meli hizo walikuwa maelfu.

Mintarafu mateka hao, kila upande ulikuwa na hesabu zake. Waingereza waliogopa kwamba mapatano rasmi ya kubadilishana yangewafanya waasi waonekane kuwa taifa. Wamarekani nao waliona kwamba askari wa Mfalme akirudishwa angerudi vitani mara moja, hali wengi wa watu wao wenyewe walikuwa wamemaliza muda wao wa utumishi na wangekwenda nyumbani. Hesabu hizo zilikuwa na mantiki. Waliozilipia ni watu waliokuwa chini ya sitaha. Barua hufungua mlango; haimlazimishi mtu kuingia.

3. Damu kwa damu

Sasa tufike kwenye kisa ambacho ndicho moyo wa hotuba hii.

Mwezi Oktoba 1781 jeshi kubwa la Waingereza lilisalimu amri mjini Yorktown, na watu wengi walidhani vita vimekwisha. Lakini katika jimbo la New Jersey vita vya majirani viliendelea. Huko walikuwapo Wamarekani waliobaki watiifu kwa Mfalme, ambao hapa tutawaita Watiifu, na walikuwapo majirani zao waliotaka uhuru. Walijuana kwa majina. Walichomeana nyumba na kuvamiana usiku.

Tarehe 24 Machi 1782 Watiifu waliishambulia ngome ndogo ya Toms River, wakamteka Kapteni Joshua Huddy. Siku chache baadaye Mtiifu mmoja, Philip White, aliuawa akiwa mikononi mwa wanamgambo wa upande wa uhuru. Wenzake wakataka damu. Tarehe 12 Aprili kundi la Watiifu likiongozwa na Kapteni Richard Lippincott lilimtoa Huddy kifungoni kwa kisingizio cha kwenda kumbadilisha na mateka mwingine, likampeleka ufukweni na kumnyonga. Kifuani pake liliacha karatasi iliyotangaza kwamba Huddy ametundikwa kwa ajili ya White. Lakini siku ile White alipouawa Huddy alikuwa kifungoni. Hakuwa na mkono katika kifo hicho.

Watu wa Monmouth, nyumbani kwa Huddy, walimlilia Washington alipize. Yeye aliwaagiza majenerali na maofisa wake wakuu waandike maoni yao, kila mmoja peke yake, bila kushauriana. Jibu likawa moja: Waingereza wamtoe Lippincott, na wasipomtoa, anyongwe kapteni wa Kiingereza badala yake. Tarehe 21 Aprili Washington alimwandikia Jenerali Sir Henry Clinton mjini New York kudai mwenye hatia. Clinton alijibu kwamba yeye mwenyewe amechukizwa na tendo hilo na amekwisha kuamuru lichunguzwe na mahakama ya kijeshi. Lakini hakumtoa mtu. Aliongeza hoja ambayo hatuna budi kuipima: kumtoa mhanga asiye na hatia kwa madai ya kuzuia hatia ni kuukubali ukatili na kuuinua juu kabisa.

Washington hakurudi nyuma. Tarehe 27 Mei 1782, katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, makapteni 13 wa Kiingereza waliokuwa mateka walikusanywa, na kura ikapigwa. Karatasi ya bahati mbaya ilimwangukia Charles Asgill, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 20. Naye alikuwa miongoni mwa waliosalimu amri Yorktown, na kifungu cha 14 cha mapatano ya Yorktown kilikuwa kimewalinda watu hao wasilipiziwe kisasi. Kwa hiyo kumnyonga Asgill kungekuwa kumwua asiye na hatia, na pia kuvunja ahadi iliyotiwa sahihi. Jambo hilo lilimkera Washington mwenyewe. Alitaka mateka asiyelindwa na mapatano, wala hakupatikana.

Hapa barua zikaanza kufanya kazi yake. Kanali Alexander Hamilton, aliyewahi kuwa mwandishi wa Washington, alimwandikia Jenerali Henry Knox mwezi Juni akipinga kabisa mpango huo. Alisema kwamba kumtoa kafara kwa makusudi mtu asiye na hatia kwa ajili ya mwenye hatia kutalaaniwa. Mkuu mpya wa Waingereza, Sir Guy Carleton, aliyekuja kushika nafasi ya Clinton mwezi Mei, aliandika kwa lugha ya upole. Mahakama ya kijeshi ilimwachilia Lippincott, ikiona kwamba alidhani anatii amri halali ya baraza la Watiifu. Carleton alimpelekea Washington kumbukumbu za kesi, akalilaani tendo lenyewe, akaahidi kuendelea na uchunguzi. Washington naye aliagiza Asgill atunzwe kwa huruma na aruhusiwe kutembea kwa ahadi yake. Mwezi Agosti akalipeleka suala lote mbele ya Bunge la makoloni, liamue.

Barua iliyokata shauri, hata hivyo, haikutoka kwa ofisa yeyote. Huko Uingereza mama yake Asgill, Lady Theresa Asgill, alipata habari. Mume wake alikuwa mgonjwa sana. Binti yake alikuwa akiweweseka kwa homa na uchungu. Mwezi Julai mama huyo alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Vergennes, yaani waziri wa nchi iliyokuwa ikipigana na nchi yake mwenyewe. Alimwomba ajiweke mahali pake. Waziri aliwaonyesha barua hiyo Mfalme na Malkia wa Ufaransa, kisha tarehe 29 Julai akamwandikia Washington. Alisema haandiki kama waziri, bali kama mtu na kama baba. Akakumbusha kwamba askari wa Ufaransa walisaidia kumtia kijana huyo mikononi mwa Wamarekani.

Barua hizo mbili zilivuka bahari na kufika vuli ilipokuwa inakaribia mwisho. Bunge lilikuwa katika mabishano makali. Elias Boudinot, aliyekuwa mjumbe, alikumbuka baadaye kwamba wengi walielekea kumnyonga. Barua zikasomwa. Tarehe 7 Novemba 1782 Bunge likaamua Asgill aachiliwe huru, na siku sita baadaye Washington alimwandikia mwenyewe kumpa habari na hati ya kusafiri.

Ndugu wapendwa, tukitafakari kisa hiki tusijidanganye. Haki ya Huddy haikupatikana. Aliyemnyonga hakuadhibiwa, na mjane wake hakupata faraja yoyote katika kuachiliwa kwa kijana wa watu wakubwa. Anayesema kwamba kusamehe hakumgharimu mtu, hajawahi kukaa na mjane. Tena tuone kwamba mama wa Asgill alikuwa na jina la heshima na barua yake ilifika kwa mfalme. Je, mama wa askari wa kawaida angesikilizwa?

Pamoja na hayo tunathubutu kusema kwamba jambo kubwa lilitendeka. Tuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inafaa sokoni. Ikiingia katika mahakama, au katika ugomvi wa koo mbili, inakuwa upanga: fulani ameua, basi yeyote wa ukoo wake, wa kabila lake, wa sare yake, anafaa kulipa. Kati ya siku ya kura na siku ya uamuzi ilipita zaidi ya miezi mitano. Katika miezi hiyo kila barua iliyoandikwa ilimbadilisha Asgill kidogo. Alianza kama kapteni mmoja kati ya makapteni 13, yaani namba. Akawa mtu aliyeahidiwa usalama. Akawa mwana wa mama. Mwishowe hawakuweza kumnyonga, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa Charles.

4. Walioandikwa bila kuandikiwa

Tungeweza kumalizia hapo, na hotuba ingekuwa tamu. Lakini haingekuwa kweli yote.

Tangu mwaka 1779, kwa tangazo la Clinton, Waingereza walikuwa wameahidi ulinzi kwa mtumwa yeyote wa waasi ambaye angekimbilia upande wao. Hawakufanya hivyo kwa wema mtupu; walitaka kumdhoofisha adui, na Watiifu wenye watumwa waliachwa na watumwa wao. Lakini maelfu ya Waafrika na watoto wa Waafrika walisikia ahadi hiyo wakakimbia. Mwaka 1783, vita vilipokwisha, wengi wao walikuwa New York wakingoja meli. Nayo makubaliano ya awali ya amani, katika kifungu cha 7, yalisema kwamba Waingereza waondoke bila kuchukua watumwa wala mali nyingine ya Wamarekani. Mtu na mali viliwekwa katika sentensi moja.

Tarehe 6 Mei 1783 Washington na Carleton, ambao hadi hapo walijuana kwa barua tu, walikutana ana kwa ana karibu na Tappan, juu ya mto Hudson. Jambo la kwanza alilolizungumza Washington lilikuwa kurudishwa kwa mali, na hasa watumwa. Carleton akamwambia kwamba baadhi yao wamekwisha kusafiri. Washington akashangaa. Carleton akaeleza kwamba waliomtangulia walitoa ahadi ya uhuru kwa jina la taifa lake, na kwamba hawezi kuamini kuwa mkataba ulikusudia kuwavunjia watu ahadi hiyo. Akasema kwamba majina yao yanaandikwa katika daftari, ili ikionekana wenye kuwadai wana haki, walipwe fedha. Siku ile ile Washington aliyatia malalamiko yake katika barua, na Carleton akajibu kwa barua ya tarehe 12 Mei bila kulegeza msimamo.

Daftari hilo lipo hadi leo. Lina majina ya watu wapatao 3,000, waume kwa wake na watoto, pamoja na umri wao, maelezo mafupi ya maumbile yao na jina la aliyekuwa bwana wao. Mmoja wao ni Harry Washington, mwenye umri wa miaka 43. Aliyekuwa bwana wake, kwa mujibu wa daftari, ni Jenerali Washington, naye alimwacha miaka 7 kabla. Hesabu hiyo yaturudisha mwaka 1776, mwaka ule ule Jenerali alipokuwa akirudisha barua zisizo na cheo chake. Mtu aliyemwandikia Gage kwamba chimbuko la heshima ni uchaguzi wa watu huru alikuwa na watu shambani kwake ambao hawakuruhusiwa kuchagua hata mahali pa kulala. Tena mwezi Aprili 1783, kabla ya mkutano wa Tappan, alimwandikia wakala mmoja aliyekuwa New York akimwomba, akiwaona watumwa wake, awakamate. Tuongeze, ili tusimdhulumu marehemu, kwamba katika wosia wake wa mwaka 1799 aliagiza watumwa aliowamiliki yeye mwenyewe waachwe huru baada ya mke wake kufariki.

Katika barua za mwezi Mei 1783, Harry hakuandikiwa, aliandikwa. Maofisa wawili wenye adabu kubwa walijadiliana juu yake, mmoja akimwita mali na mwingine akiitaja ahadi ya taifa lake. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Harry alipanda meli kwenda Nova Scotia. Huko watu weusi walipewa ardhi haba na mbaya, wengine hawakupewa kabisa. Ndipo mmoja wao, Thomas Peters, aliyekuwa sajenti katika kikosi cha watu weusi cha jeshi la Uingereza, akachukua maombi yaliyoandikwa kwa niaba ya wenzake, akavuka bahari hadi London, akayaweka mbele ya serikali. Kutokana na safari hiyo, mwezi Januari 1792 watu karibu 1,200 waliondoka Halifax kwa meli 15 kwenda Afrika ya Magharibi, wakauanzisha mji wa Freetown, katika nchi ya Sierra Leone. Harry Washington alikuwamo. Watu waliokuwa wakiandikwa tu katika daftari za wengine, sasa walikuwa wameshika kalamu.

5. Tujifunze nini?

Kwanza, yatupasa kuilinda njia ya mawasiliano na adui hata tunapomchukia, na hasa tunapomchukia. Mtu anayebeba ujumbe asidhuriwe, wala asiitwe msaliti.

Pili, heshima ya jina si pambo. Tunapomwita mwenzetu kwa jina la dharau, au kwa jina la kundi tu, tumeanza kuitayarisha kamba. Mambo ambayo zamani yaliachiwa dhamiri ya maofisa sasa ni sheria: Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kuwalipizia kisasi mateka wa vita. Lakini sheria hailindi mtu ikiwa walio karibu naye hawamwoni kuwa mtu.

Tatu, tunapofurahia mapatano ya wakubwa, tuulize ni nani ametajwa ndani yake bila kuulizwa. Katika kila baraza la usuluhishi kuna Harry wake: mjane, mtoto, kibarua, mkimbizi. Amani inayomwandika bila kumwandikia ni nusu amani, na nusu ile nyingine itadai siku moja.

Barua ni nusu ya kuonana. Basi tuandike, na majibu yakija, tuondoke tukaonane.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika eneo letu, ni watu gani au jamii gani zimeacha kusemezana? Nani anaweza kubeba ujumbe wa kwanza?

2. Je, kuachiliwa kwa Asgill kulikuwa haki, huruma, au upendeleo? Tungemwambia nini mjane wa Huddy?

3. Fikirieni mgogoro mmoja mliousuluhisha. Ni nani aliyezungumziwa lakini hakuitwa barazani?